Mashine Iliyouliza "Una Uhakika?"

Idara ya Milo na Ustawi wa Watumishi wa Umma, mjini Kumasi, ilitangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba zama za mtumishi wa umma kuagiza chakula kwa mdomo zimefika mwisho. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa kantini, likiwa na mihuri miwili. Lilieleza kwamba mdomo, pamoja na mchango wake mkubwa katika ujenzi wa taifa, umebainika kuwa chombo chenye kelele, kisichoaminika na kisichoacha kumbukumbu. Mlinzi wa getini alilisoma lote, mstari kwa mstari, kisha akauliza kama kuanzia sasa wataagiza kwa pua. Alipewa onyo la maandishi.

Aliyeandika tangazo hilo alikuwa Bwana Ernest Agyekum-Dwamena, Kaimu Mkurugenzi wa Idara. Neno hilo "Kaimu" lilikuwa limekaa mlangoni pa ofisi yake muda mrefu mno. Alianza kukaimu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Sasa kifungua mimba ameshaoa. Mama mkwe wake, bibi mmoja wa Mampong asiyejua kupunguza makali ya maneno, kila akipiga simu swali lake ni lile lile: "Ernest, bado unakalia kiti cha watu?"

Kila mwaka Bwana Agyekum-Dwamena aliandika wizarani Accra kuomba athibitishwe kazini. Kila mwaka jibu lilikuja, la mstari mmoja: Suala lako linashughulikiwa. Alikuwa amelisoma jibu hilo mara nyingi hata akaanza kuliona la kiungwana. Lakini usiku, mkewe akishalala, lilimuuma.

Sasa wizara ilikuwa imepata Waziri mpya, kijana wa suti nyembamba, mpenzi wa vitu vya kubonyeza. Waziri alitaka kila idara ya serikali ionyeshe jambo moja la kidijitali kabla ya mwaka kwisha. Katibu muhtasi wake alimnong'oneza Bwana Agyekum-Dwamena kwenye simu: barua ya kumthibitisha ilikwisha kuchapwa, Waziri atakuja nayo mfukoni siku ya uzinduzi, mradi tu hicho kitakachozinduliwa kifanye kazi. Tangu siku hiyo Kaimu hakuonja usingizi wa maana.

Kantini yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya jengo. Vijana wawili wenye vifua walitwanga fufu, lile donge laini la muhogo na ndizi, kwenye kinu kikubwa karibu na mlango, na mbele ya masufuria alisimama Anti Birago, mama wa makamo mwenye sauti ya kusimamisha lori. Ulifika, ukachungulia sufuria ya nyama ya porini, ukanyoosha kidole, ukasema: "Anti, nipe ndezi huyo. Siyo huyo, huyo kakonda, yule wa nyuma yake." Anti akajibu: "Ndezi kakonda au mfuko wako ndio umekonda?" Watu wakacheka, bakuli likajaa, wahudumu wakalipeleka mezani. Kwenye taarifa yake kwa wizara, Kaimu aliuita utaratibu huo "mfumo usio rasmi wa mwito na mwitikio", na akaonya kwamba unafanya kazi bila usimamizi wowote.

Iliundwa Kamati. Kazi yake ilikuwa kuteua vishikwambi vya kuagizia chakula: kila meza iwe na kimoja, mteja aguse picha ya anachokitaka, na jikoni itoke karatasi yenye agizo. Kamati ilikutana katika hoteli moja kando ya ziwa Bosomtwe, kwa kuwa ilionekana si busara kuchagua mashine ya kantini ndani ya kantini, mahali ambapo harufu ya supu ingeweza kushawishi maamuzi. Katibu wa Kamati alikuwa Bi. Tawiah wa Utumishi, mama aliyeandika kila kitu na hakupinga chochote kabla ya chai.

Kampuni tatu zilileta mashine zao. Majaribio yalifanyika kwa vyakula vilivyokuwepo hotelini, yaani pai za nyama na biskuti.

Mashine ya kwanza ilishangaza kila mtu. Kaimu aligusa picha ya pai, na kabla hajarudisha mkono pai ikawa mbele yake.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, bosi," akasema muuzaji kwa fahari.

"Nani kaidhinisha?"

"Hakuna wa kuidhinisha, bosi. Mtu kataka pai, kapata pai."

Wajumbe walitazamana. Bi. Tawiah aliacha kuandika, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Muuzaji aliombwa afungashe vitu vyake, akasindikizwa kwa heshima mpaka kwenye gari, maana watu wa namna hiyo huwezi kujua wametumwa na nani.

Mashine ya pili ilifanya kazi hata umeme ukikatika. Haikuhitaji mtandao, na muuzaji aliidumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaitoa ikiwa inaendelea kuonyesha bei za biskuti. Kamati ilisikitika sana. Mashine isiyoharibika ingeifanya Idara ikose Kitengo cha Matengenezo, na mkuu wa kitengo hicho alikuwa ameshapatikana.

Ya tatu ililetwa na kijana wa Accra aitwaye Selorm, mwenye viatu vya kung'aa na tabia ya kukubali kila kitu. Kaimu aligusa picha ya pai. Mashine ikanyamaza kidogo, kisha ikaandika: Una uhakika?

Wajumbe walisogeza viti karibu.

"Imeuliza," akanong'ona mjumbe mmoja.

Kaimu aligusa Ndiyo. Mashine ikaandika: Ombi lako limepelekwa kwa mkuu wako wa kazi kwa idhini.

"Hii," akasema Kaimu, na sauti yake ilikuwa imepata kikwifukwifu, "hii imesomea utumishi wa umma."

Ikapita kwa kauli moja. Zilibaki taratibu ndogondogo tu. Selorm aliketi na Kaimu kupanga nani amwidhinishie nani: dereva aidhinishiwe na mkuu wa magari, mkuu wa magari na mkuu wa utawala, na kadhalika, mpaka juu kabisa.

"Na Waziri akija, bosi? Nani anamwidhinishia?"

"Waziri ni Waziri. Acha wazi."

"Haikubali pawe wazi, bosi. Inataka jina na namba ya simu."

"Weka Ikulu."

"Namba ya Ikulu unayo?"

Kaimu alitazama dirishani, akatazama ziwa. Mwisho akasema, "Niweke mimi. Kwa muda. Nitakaimu."

"Sawa, bosi. Na ombi likikaa bila kujibiwa, au likirudishwa, mteja aandikiwe nini? Watu wengine huweka 'Samahani, tafadhali subiri.'"

Bwana Agyekum-Dwamena hakufikiri hata kidogo. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuombwa samahani na ofisi yoyote. Alitoa sentensi pekee aliyoijua.

"Andika: Suala lako linashughulikiwa."

Waliporudi Kumasi, Anti Birago aliitwa ofisini kusomewa kanuni. Huyu mama alikuwa na kesi ya nyuma: aliwahi kupewa barua ya onyo kwa "utoaji wa mfupa bila idhini", baada ya kumwongezea mteja mfupa wa supu kama mamake na bibi yake walivyowaongezea wateja wao. Barua hiyo aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya masufuria.

"Kuanzia sasa, Anti," akasema Kaimu, "hakitoki kitu jikoni bila karatasi ya mashine."

"Hata chumvi?"

"Hata chumvi."

"Hata pilipili ya kuongeza?"

"Pilipili ina picha yake."

"Maji ya kunawa je?"

"Hayo ndiyo hasa, Anti. Maji yanapotea sana hapa."

Anti Birago alijifunga vizuri kitambaa cha kichwani. "Haya, bosi wangu. Mimi sina neno. Ila niandikie na utie muhuri, nisije kesho nikaambiwa mimi ndiye jeuri."

Akaandikiwa, akapigiwa muhuri. Wahudumu nao walihamishiwa masijala, maana mashine ilikuwa imechukua nafasi yao, na chakula sasa kingepitishwa dirishani.

Matokeo yalionekana mara moja. Watumishi wenye kujipanga waliagiza Jumanne chakula cha Alhamisi. Dereva mmoja aliomba tumbo la ng'ombe, na mkuu wa magari akamwidhinishia yai. Waliobaki walivuka barabara, wakaenda kula kwa mama mwingine ambaye hakuwa na mashine ila alikuwa na supu. Ndani ya muda mfupi kantini ilikuwa tupu na safi, na Kaimu aliiarifu wizara kwamba tatizo sugu la foleni limekomeshwa kabisa.

Wizara ilifurahi. Ikapangwa Ijumaa Waziri aje.

Siku chache kabla ya Ijumaa hiyo, Kaimu aliamua kuijaribu mashine mwenyewe. Alipenda fufu kuliko kitu chochote kilicho halali, ingawa tangu aanze kunukia ukurugenzi alikuwa akila wali kwa uma mbele za watu. Alingoja mchana upite, akaingia kantini, akachagua meza ya pembeni. Akagusa fufu, akagusa supu ya mawese, akagusa ndezi, akagusa maji ya kunawa. Alikuwa na uhakika mara zote nne. Simu yake ikalia, akajiidhinishia.

Vilikuja. Alinawa, akatia mkono wa kulia kwenye bakuli, na kwa muda hakuwa kaimu wa mtu yeyote. Alipofika katikati akataka mchuzi wa kuongeza. Akainua mkono, akautazama. Ulikuwa mwekundu kwa mawese hadi kwenye kifundo. Akagusa kioo kwa kidole cha mwisho. Mafuta yakatanda, mashine ikakaa kimya.

Ulibaki mkono wa kushoto. Uso wa kwanza wa mashine ulikuwa na picha ya Waziri akitabasamu, na kitufe cha kuendelea kilikuwa kwenye kidevu chake. Kaimu alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Lakini marehemu mama yake alikuwa amemchapa mkono huo kwa mwiko mara nyingi alipokuwa mdogo, kwa sababu ya kumpa mgeni kikombe nao, na mkono ulikumbuka; ukakataa kuinuka. Alijaribu kiwiko. Alijaribu kidevu. Mwisho akainama, akagusa kwa pua.

Una uhakika?

Akainama tena.

"Bosi!" Sauti ya Anti Birago ilitoka dirishani. "Unakibusu?"

"Nakikagua."

"Kikague, baba. Ila uende kwao kwanza ukajitambulishe, usimchezee mtoto wa watu."

Alipomaliza kula alipata maji ya kunawa kwa njia hiyo hiyo. Akatoka na alama ya mawese puani, tena akiwa ameelewa. Fufu huliwa kwa mkono wa kulia. Mashine haitaki mkono wenye mafuta. Mkono wa kushoto haugusi kitu mbele ya watu. Na maji ya kumtoa mtu kwenye shida hiyo yamefungwa ndani ya mashine ile ile. Kurekebisha jambo hilo kulihitaji Kamati irudi ziwani, Kamati ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji miezi. Barua yake ilikuwa ije Ijumaa. Alikaa ofisini akiutazama mlango uliokuwa na neno "Kaimu", kisha akaandika kwenye taarifa ya majaribio: Mfumo unapokea njia mbalimbali za mguso.

Ijumaa ikafika na maturubai, viti vya plastiki na wapiga picha. Vijana wa kinu waliambiwa watwange kwa mdundo wa kupendeza. Nana wa Asuofuo, chifu ambaye kantini ilijengwa kwenye ardhi yake, alikuja chini ya mwavuli wake mkubwa, na kando yake msemaji wake, Okyeame Pipim, mzee mwembamba mwenye fimbo iliyopakwa dhahabu kichwani. Nana hali mbele za watu, hilo kila mmoja alilijua. Kwa hiyo aliwekewa kiti cha heshima ng'ambo ya meza ya Waziri, atazame tu na abariki. Kishikwambi kilisimamishwa katikati yao juu ya kigoda chake, uso kwa Waziri, mgongo kwa Nana.

"Leo," alisema Waziri, "mdomo wa mtumishi wa umma unapumzika!"

Watu wakapiga makofi. Mlinzi wa getini hakupiga.

Waziri aliketi, akagusa kwa mkono wa kulia uliokuwa mkavu na wenye harufu ya manukato. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akageukia wapiga picha, akasema, "Nina uhakika!" Simu ya Kaimu ililia mfukoni mwake, akaidhinisha haraka. Karatasi zikatoka, maji yakaja, fufu ikaja na supu ya mawese na ndezi wawili, na Waziri akanawa mkono. Ndani ya koti lake, kwenye mfuko wa kifuani, Kaimu aliona ncha ya bahasha ya kahawia.

Huyu Waziri alikuwa amezoea saladi za Accra, lakini damu ni damu. Tonge la kwanza alilila kwa ajili ya picha. La pili alilila kwa ajili yake. Kufikia la tano alikuwa amelegeza tai, na mkono ulikuwa umezama mpaka kwenye saa. Ndezi wakaisha.

"Nitaongeza," akasema, na akainua mkono.

Kaimu, aliyesimama nyuma ya kiti cha Nana, aliona ule mkono mwekundu ukienda kwenye kioo, akaona kioo kikinyamaza. Waziri akagusa tena. Kimya. Kaimu akaanza kumwonyesha: akashika pua yake, akainamisha kichwa, akashika pua tena. Waziri alimkazia macho. Hakuwahi kufanyiwa vituko na mtu mwenye cheo hicho. Wapiga picha walikuwa wamesogea, watu wamesimama kwenye viti, na mashine haifanyi kazi.

Basi Waziri wa serikali akainua mkono wa kushoto, akaichoma mashine kwa kidole. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu kwa nguvu.

Mitwangio ilisimama. Nana alikuwa hajatikisika, lakini mwavuli juu yake ulikuwa umeacha kuzungushwa. Okyeame Pipim alisimama taratibu.

"Mheshimiwa," akasema kwa upole wa kutisha, "Nana anauliza kama mkono ule ulikuwa unamwita, au ulikuwa unamfukuza."

"Hapana! Hapana, Nana, nilikuwa nagusa mashine!"

"Nana haioni mashine. Mashine imempa mgongo. Nana ameona mkono."

"Lakini Okyeame, wewe umeona..."

"Mimi nina macho ya Nana tu, mwanangu. Wakubwa wenzako wanajua jambo hili linavyosafishwa. Kondoo, na pombe kali ya shinapsi ya kuwamwagia wazee waliotangulia. Nalo litangazwe redioni, kwamba fulani aliteleza akainuka. Swali ni huyo fulani ni nani."

Waziri alikuwa mwepesi. Ndiyo maana alikuwa Waziri. "Mwenye kosa ni aliyeleta mashine hii! Mkurugenzi wa Idara! Yuko wapi Mkurugenzi?"

Bi. Tawiah alipekua makaratasi yake, na kwa kuwa chai ilikwisha kunywewa, akasema: "Hayupo, Mheshimiwa. Kiti hicho kiko wazi. Tuna kaimu tu."

Okyeame Pipim alitikisa kichwa. "Hapo pagumu. Kondoo hatozwi mtu aliyekalia kigoda cha mwingine. Hutozwa mwenye kigoda. Huyu kakalishwa na nani?"

"Na wizara," akasema Bi. Tawiah. "Kwa barua ya Waziri."

Kaimu aling'amua kwamba akithibitishwa tu, kondoo ni wake. Waziri naye alikuwa ameshafika huko, tena amempita.

"Basi namthibitisha!" akapaza sauti. "Sasa hivi, mbele yenu nyote! Bwana Agyekum-Dwamena, njoo uchukue barua yako, njoo, Mkurugenzi!" Na mkono wa kushoto ukaanza kupanda kuelekea kifuani.

"Mheshimiwa," akasema Okyeame. "Huyo ni kondoo wa pili."

Mkono ukashuka. Waziri akautazama wa kulia, unaotiririka mawese hadi kwenye kikuku cha saa. Kuutia mkono huo kwenye koti lile halikuwa jambo la kufikirika. "Maji!" akasema. "Nileteeni maji ninawe!"

Anti Birago alikuwa dirishani na beseni tayari, maji yakifuka mvuke. "Karatasi, Mheshimiwa."

"Mama, hayo hapo maji!"

"Nayaona. Hata wewe unayaona. Ila nina barua ya muhuri inasema sitoi tone bila karatasi. Ningekuwa sina barua ya onyo ningejaribu. Ya pili itaniondoa mjini."

Watu walianza kucheka chinichini, kicheko cha watu walioagiza Jumanne wakala Alhamisi. Kaimu hakucheka. Bahasha ilikuwa pale, ncha yake inaonekana. Miaka yote ile ya kuingoja, na sasa ilikuwa hatua chache kutoka kwake, na ndani yake kuna kondoo. Alimwona mama mkwe wake akisikiliza redio kule Mampong.

"Pua, Mheshimiwa," akasema, maana aliona huruma, au ndivyo alivyodhani. "Inakubali pua."

Waziri alimtazama kwa chuki safi. Kisha, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, akainamisha kichwa mezani mbele ya Nana, akagusa picha ya maji kwa pua.

Una uhakika?

Akainama tena, chini zaidi, maana kitufe cha Ndiyo kilikuwa chini. Ng'ambo ya meza, Nana alimwona Waziri akimwinamia mara mbili mfululizo kwa unyenyekevu ambao haujaonekana tangu enzi za babu yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kidogo. Watu wakashangilia.

Mashine ikaandika: Ombi lako limepelekwa kwa mkuu wako kwa idhini.

"Mkuu wangu?" akasema Waziri. "Mkuu wangu nani?"

Simu ikalia mfukoni mwa Kaimu.

Ililia sana, kwa mlio wa tarumbeta ambao Selorm aliuweka kwa maombi ya viongozi. Kila kichwa kikageuka. Kaimu aliitoa, akavaa miwani, akasoma. Waziri anaomba maji ya kunawa. Chini yake palikuwa na vitufe vitatu: Idhinisha, Kataa, Rudisha.

"Idhinisha, ndugu yangu," akasema Waziri kwa sauti ya chini, sauti ambayo haikuwahi kutumika kwenye barua yoyote kutoka wizarani. "Idhinisha ninawe, nikupe barua yako. Si ndiyo uliyokuwa unaitaka? Miaka yote?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi bonyeza."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akiitaka mpaka ikamkondesha. Lakini alipokuwa akitazama kile kitufe aligundua kwamba kilichokuwa kikimuuma usiku hakikuwa kiti. Kilikuwa ule mstari mmoja, na watu waliouandika bila hata kuinua kichwa kumtazama. Sasa mmoja wao alikuwa ameinua kichwa, na mchuzi puani.

Mikono ya Kaimu ilikuwa safi na mikavu. Akatumia wa kulia. Akabonyeza Rudisha.

Simu ikamuuliza kama ana uhakika, na alikuwa nao.

Kwenye kioo mbele ya Waziri picha yake mwenyewe iliondoka, na mahali pake yakaja maandishi makubwa ambayo hata wapiga picha wa nyuma waliweza kuyasoma: Suala lako linashughulikiwa.

Okyeame Pipim aliyasoma kwa sauti, kwa ajili ya Nana. Nana akamnong'oneza kitu.

"Nana anasema ni jibu zuri," akatangaza Okyeame. "Anasema yeye atalisubiri pamoja na Mheshimiwa. Na kondoo wa Mheshimiwa wapelekwe kwa Anti Birago, wapikwe supu ya watu wote."

"Kwa mdomo au kwa mashine?" akauliza mlinzi kutoka mlangoni.

"Kwa mdomo," akasema Okyeame, na banda likalipuka. Vijana walirudi kwenye kinu. Watu walijisogeza dirishani wakinyoosha vidole na kubishana juu ya mapaja ya ndezi, na Anti Birago akaanza kuwatukana mmoja mmoja kwa majina yao. Waziri alibaki mezani, mkono wa kulia ukiwa hewani, mawese yakianza kuganda.

Kaimu Mkurugenzi Ernest Agyekum-Dwamena alivuta kiti meza ya pembeni, akajikalisha, akaagiza fufu kwenye kishikwambi. Maji ya kunawa aliagiza mara mbili kabisa, ya kabla na ya baada ya kula, na yote mawili akayaidhinisha kabla ya kugusa tonge.